Maswali na Majibu: Kujiajiri katika Usanifu wa Programu za Picha

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu kazi ninayoifanya, ya kusanifu programu za picha na michoro bila kuajiriwa na kampuni yoyote. Nayajibu maswali yao hapa.

Msanifu hufanya nini ambacho msanidi programu wa kawaida hafanyi?

Msanifu huamua kwanza picha itapita njia gani tangu inapotoka kwenye kamera au skana hadi inapofika kwenye kioo au karatasi, itahifadhiwa kwa muundo upi, na kazi ipi ifanywe na kadi ya michoro badala ya prosesa kuu. Mimi huandika msimbo pia, kwa kuwa mteja mdogo hana uwezo wa kulipa watu wawili, lakini anachonunua hasa ni yale maamuzi ya mwanzo.

Nilipata alama za chini katika Hisabati kidato cha nne. Niachane na fani hii?

Usiachane nayo, ila usitarajie kuikwepa Hisabati. Matrisi utazihitaji kila siku kwa kuzungusha na kukuza michoro. Hata hivyo, wengi hukwama si kwa ugumu wa hesabu bali kwa kutojua namba iliyo mbele yao inasimamia nini. Chukua picha ya ubao wa drafti, wenye vyumba vyeusi na vyeupe vinavyopishana, uipunguze mpaka vyumba vinne viwe pikseli moja, yaani nukta moja ya picha. Mwanafunzi hutafuta wastani wa 0 (nyeusi) na 255 (nyeupe), hupata takriban 128, kisha hushangaa picha yake imetoka yenye giza kuliko ile ya awali. Sababu ni kwamba namba za sRGB, mfumo wa rangi uliopendekezwa na Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996, hazipandi sambamba na wingi wa mwanga. Nusu ya mwanga wa rangi nyeupe huandikwa takriban 188. Inakubidi uzigeuze namba ziwe mwanga halisi, utafute wastani huko, ndipo uzirejeshe.

Nianze na OpenGL au Vulkan?

Zote mbili ni njia za programu kuiagiza kadi ya michoro ichore. Anza na OpenGL. Imekuwepo tangu 1992 na mafunzo yake ni mengi, ilhali Vulkan ya mwaka 2016 hukutaka usimamie mwenyewe kumbukumbu na foleni za kazi kabla hujaiona pembetatu yako ya kwanza.

Nitoze kwa siku au kwa kazi nzima?

Kwa siku, mpaka uijue kazi. Niliwahi kukubali bei moja kwa mteja aliyetaka programu ya simu ya kupanga picha za bidhaa zake. "Picha zenyewe ni ndogo, megabaiti tatu tatu tu," aliniambia, nami nikaridhika bila kuuliza idadi ya pikseli. Zilikuwa 4000 kwa 3000. Faili la JPEG limebanwa. Likifunguliwa, kila pikseli huchukua baiti nne, yaani megabaiti 48 kwa picha moja, na ukurasa wa mteja ulitakiwa kuonyesha picha 20 kwa pamoja. Simu za bei nafuu zikawa zinaifunga programu yenyewe. Isitoshe, picha zilizopigwa simu ikiwa wima zilitokea zimelala, kwa kuwa simu nyingi hazizungushi pikseli bali huandika tu alama ya mwelekeo katika Exif, maelezo yanayofichwa ndani ya faili la picha, na mimi sikuwa nimeisoma alama hiyo. Nilirudia kazi wiki tatu bila malipo, na sikuwa na wa kumlaumu. Siku hizi hutoza kwanza siku mbili za uchunguzi, nikiwa na picha halisi za mteja mkononi, ndipo nitaje bei.

Kwa nini mnasumbuka sana na leseni na hataza?

Kwa sababu ya GIF, muundo wa faili za picha. Mwishoni mwa 1994 ilitangazwa kwamba watengenezaji wa programu zinazotumia muundo huo wangehitaji leseni, kwa kuwa kampuni ya Unisys ilikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya LZW, mbinu inayoubana. Hasira iliyofuata ndiyo iliyozaa muundo mbadala wa PNG. Mkataba wako utaje maktaba za msimbo wa watu wengine unazotumia pamoja na leseni zake, na useme wazi nani atamiliki msimbo.

Nasikia programu za hospitali zinalipa vizuri. Niingie?

Ingia kama una subira. Namba za picha ya CT-Scan hupimwa kwa kipimo cha Hounsfield, maji yakiwa 0 na hewa -1000, nazo hazienei katika ngazi 256 za kijivu za picha ya kawaida. Kwa hiyo daktari huchagua dirisha, yaani sehemu tu ya namba hizo, la kutazama mapafu, kisha jingine la mifupa. Ukiligeuza faili la DICOM, muundo wa picha za hospitali, kuwa JPEG ya kawaida ili liwe jepesi, umeyatupa madirisha mengine yote. Kabla ya kuandika chochote, keti nusu siku na mtaalamu wa radiolojia. Wa kwanza niliyeketi naye alikuwa akilisogeza dirisha hilo kwa kipanya, macho hayabanduki kwenye mapafu, na vile vitufe vizuri nilivyokuwa nimevichora pembeni hakuvigusa hata kimoja.