Vijana na pikipiki za theluji milimani: bikoni mnazo, mpangilio je?

Mkuu mtoa mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza, mdogo wako na wenzake wa miaka 20 na kitu wanapanda milima ya British Columbia, Kanada, kwa pikipiki za theluji, wote wana bikoni (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyezikwa) na mabegi ya puto (puto hujaa hewa ukivuta mpini, likusaidie kubaki juu ya theluji), je, hiyo inatosha kuwakinga na maporomoko ya theluji? La pili, useme nao vipi bila kuonekana mzee mwoga. Naanza na la pili, kwa kuwa ndilo linalobeba la kwanza.

Usiwahubirie. Kijana aliyenunua mashine ya cc 850 hakuinunua ili azunguke bondeni. Ukimwambia awe mwangalifu ataitikia, na akifika chini ya mwinuko atafanya wanachofanya wenzake. Kinachowabana vijana ni makubaliano ya vitendo yanayofungwa kwenye maegesho kabla injini haijawaka: nani anapanda kwanza, wengine wanasimama wapi, mwisho wa leo ni mwinuko wa nyuzi ngapi. Na kila mmoja ana haki ya kukataa. Akikataa mmoja, hata kama ni mgeni wa kundi, mteremko huo umefutwa na hakuna kuulizana sababu. Huko juu, helmeti imefunika masikio na injini zinanguruma, kikao hakikaliki. Kama hamkukubaliana chini, anayeamua ni mwenye papara kuliko wote.

Tuondoe uzushi mmoja: kelele za injini haziangushi theluji. Kinachoangusha ni uzito. Mashine yenye mafuta pamoja na mpandaji aliyevaa kamili inapita kilo 300, na mkanda wake, ule unaozunguka chini na kuisukuma, una meno ya sentimita 6 hadi 7.5 yanayochimba na kufikisha msukumo kwenye matabaka ya chini. Kelele ina madhara yake mengine, nayo ni kuficha ishara. Tabaka dhaifu likivunjika chini ya miguu hutoa mguno mzito, kama theluji inashusha pumzi. Mtu wa skii anausikia na kugeuza. Wa pikipiki hausikii, anapita juu yake na kuendelea. Dawa yake: kila mnapobadilisha kimo au upande wa mlima, simameni mahali tambarare pasipo na mteremko juu yenu, zimeni injini, vueni helmeti, mtembee hatua kadhaa kwa miguu. Tafuteni kijiteremko cha mita 2 au 3 kisicho na pa kumpeleka mtu, mpite juu yake, kisha mgeuke kutazama. Nyufa zikikimbia kutoka kwenye alama ya mkanda, mmeshajibiwa.

Kasi nayo inadanganya. Kwa saa moja pikipiki inagusa miteremko mingi kuliko mtu wa skii kwa siku nzima. Theluji ya upande unaopigwa na upepo inaweza kuwa imara, dakika 5 baadaye umevuka tuta uko upande wa pili ambako upepo umerundika bamba jipya, yaani tabaka la theluji iliyoshikamana linaloweza kukatika kwa pamoja. Kijana anahesabu kwamba amepita sehemu nyingi salama, kumbe kila sehemu ilikuwa swali jipya.

Kuhusu mwinuko: mabamba mengi hukatika kati ya nyuzi 30 na 45. Bahati mbaya ndio mwinuko mtamu kwa pikipiki. Jicho haliaminiki hapa, tumieni kipima mwinuko cha simu au ramani yenye rangi za mwinuko, na mpime kabla ya kwenda. Ila msidhani mtu akiwa kwenye tambarare yuko nje ya mchezo. Tabaka dhaifu la kudumu (chembe kama sukari, au umande ulioganda juu ya theluji kisha ukazikwa) linaweza kuvunjika ukiwa chini kabisa ya mlima, mpasuko ukapanda hadi juu na bamba likakujia kichwani. Tarehe 13 Machi 2010 pale Boulder Mountain karibu na Revelstoke, watu wapatao 200 walikuwa wamekusanyika chini ya mteremko kutazama wenzao wakipanda. Poromoko lilishuka likaua 2 na kujeruhi wengine wengi. Tatizo lilianzia mahali pa kusimama.

Kwa hiyo maegesho ya katikati ya safari ndiyo kipimo cha kwanza cha kundi. Simameni nje ya njia ambayo theluji ingepita. Kwa kukadiria, shika kipima mwinuko, lenga kutoka ulipo hadi kilele cha mteremko: ikisoma nyuzi 25 au zaidi, uko ndani ya njia, ikishuka chini ya 18 hivi, mara nyingi uko mbali vya kutosha. Pangeni mashine ubavu kwa ubavu, pua zikitazama njia ya kutokea, asiwepo anayemzibia mwenzake. Helmeti na glavu hazivuliwi na kutupwa kwenye kiti. Hakuna kuupa mteremko mgongo. Aliyekaa chini ana kazi: macho kwa anayepanda, na kukumbuka alama ya mwisho alipoonekana.

Anapanda mmoja tu. Hii kila kijana anaijua kwa mdomo, na inavunjwa kwa njia moja ileile: mwenzao amekwama juu. Mwenye moyo mzuri anawasha mashine kwenda kumsaidia. Sasa kuna zaidi ya kilo 600 juu ya bamba lilelile, naye atalazimika kugeuza juu au kando ya aliyekwama, pale pale ambapo bamba tayari limechokozwa. Amri iwe kavu: aliyekwama anajichimbua mwenyewe, anageuza pua chini, anashuka. Akishindwa, anashuka kwa miguu na mashine inabaki. Vijana wakigoma kuahidi hili, basi wasipande mwinuko huo siku hiyo. Mengine yote kwenye jibu hili yanaweza kulegezwa kidogo, hili hapana.

Mashindano ya nani amefika juu zaidi yana hatari yake ya kimyakimya. Kila anayepanda anavuka alama ya mwenzake kwa mita chache, akikaribia miamba na pale mteremko unapobenuka. Huko theluji ni nyembamba, kwa hiyo tabaka dhaifu liko karibu na mkanda. Wanne wanapita, wa tano anagusa pale palipo dhaifu na mteremko wote unaondoka, pamoja na zile alama nne zilizodhaniwa ni ushahidi wa usalama. Ian McCammon, Mmarekani aliyechambua ajali za maporomoko mwanzoni mwa miaka ya 2000, alionyesha kuwa mitego ya akili ni ileile: mahali tunapapajua, wenzangu wananitazama, mzoefu yupo nasi, theluji mpya itaisha wengine wakitutangulia. Mdogo wako mwulize swali moja tu: kama hakuna mtu wala kamera ingekuona, ungepanda huo? Akisita, basi.

Taarifa ya Avalanche Canada, shirika linalotabiri hatari ya maporomoko, isomwe asubuhi, na isomwe yote, si namba ya hatari peke yake. Vijana wanaona 3 kati ya 5 wanasema ni katikati, twende. Ngazi zile hazipandi sawasawa. Kwenye 3, poromoko la kuchokozwa na mtu ni jambo la kutarajiwa, na ndicho kiwango kinachoongoza kwa vifo, kwa kuwa kwenye 4 na 5 wengi huogopa au hali ya hewa inawazuia. Soma pia aina ya tatizo, upande wa mlima na kimo. Taarifa ikitaja tabaka dhaifu la kudumu, miteremko mikubwa iachwe hata kama jua linawaka na hakuna kilichoanguka kwa wiki nzima. Sentimita 30 za theluji mpya ndani ya siku moja au mbili, upepo uliorundika, joto la ghafla, maporomoko mapya upande unaofanana na wenu: moja tu kati ya hayo linatosha kubadili ratiba. Shimo la kupima matabaka ni zuri kwa kujifunza, ila lina kasoro kwa vijana: wanachimba moja, linawapa jibu zuri, wanaligeuza kibali cha mlima mzima. Shimo likisema hapana, lisikilizwe. Likisema ndiyo, limesema kwa ajili ya mraba ule tu.

Sasa vifaa. Bikoni inavaliwa mwilini chini ya koti, si kwenye begi wala kwenye boksi la mashine. Inatuma kwa masafa ya kilohertz 457 na inasumbuliwa na umeme ulio karibu: simu, redio, kamera, na hasa fulana au glavu zenye kupashwa moto kwa betri. Ikiwa inatuma, viwe umbali wa sentimita 20. Ukiwa unatafuta, 50. Betri ziwe za alkalini kama mtengenezaji hakuruhusu aina nyingine, na zitolewe msimu ukiisha, zisije zikavuja na kuharibu viunganisho. Beleshi la chuma na fimbo ya kupekulia ya mita 3 vikae mgongoni. Wengi wanavifunga nyuma ya mashine ili mgongo uwe mwepesi, kisha mashine inazikwa navyo.

Begi la puto ni zuri. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2014 ulikuta kwamba, kati ya walionaswa vibaya, vifo hushuka kutoka kama asilimia 22 hadi 11 puto likiwa limejaa. Lakini katika mara 1 kati ya 5 puto halikujaa, na sababu kubwa ni mtumiaji kushindwa kuvuta. Kwa pikipiki kuna jambo la ziada: gumba la kulia liko kwenye mafuta, na kuongeza mafuta kwenda pembeni ndiyo njia yako ya kutoroka. Kama begi linaruhusu kubadili upande wa mpini, uweke pale mkono wa kushoto unapofika, kisha zoea kuvuta ukiwa na glavu nene na umekaa kwenye mashine. Mpini utolewe kwenye zipu maegeshoni. Mkanda wa mapajani ufungwe, la sivyo begi litapanda na kukuvuka kichwa. Na puto halizuii mti: sehemu kubwa ya vifo, kama robo kwa hesabu za Kanada, hutokana na majeraha.

Mtu akizikwa, aliyetolewa ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa sana ya kuishi. Baada ya hapo mstari unaanguka vibaya. Waokoaji wa kutoka mjini hawafiki kwa muda huo, mwokozi ni nyinyi. Kwanza tazameni juu: tarehe 28 Desemba 2008 karibu na Fernie, waliokuwa wakifukua wenzao walifunikwa na poromoko la pili, na kati ya wanaume 11 walikufa 8. Hesabuni nani hayupo. Injini zote zizimwe, bikoni zote ziwekwe kwenye kutafuta, kwa maana moja iliyosahaulika ikiwa inatuma itawapoteza wote. Anzeni alipoonekana mwisho mkishuka, upana wa mita 40 kati ya mtafutaji na mtafutaji. Chini ya mita 10 punguza mwendo, mita 3 za mwisho bikoni iguse theluji, songa mbele na nyuma kisha kushoto na kulia bila kuizungusha, hadi upate namba ndogo kuliko zote. Fimbo ichomwe kwa pembe mraba na uso wa mteremko, kwa mzunguko unaopanuka wa sentimita 25. Ikigusa mtu, iachwe hapo hapo. Msichimbe kutoka juu yake. Anzeni upande wa bondeni, umbali kama mara moja na nusu ya kina, mkikata matofali na kuyasukuma nyuma, na anayechimba mbele abadilishwe kila dakika moja hivi. Kichwa na kifua kwanza, mdomo usafishwe.

Hapa ndipo tabia ya ushindani inapofaa. Zikeni bikoni ndani ya mfuko, nusu mita chini ya theluji ngumu, mwanzo wa msimu na kila mwezi, mpimane kwa saa: nani anaitoa nje chini ya dakika 5? Vijana wasiovumilia dakika 10 za mawaidha watashinda hapo alasiri nzima.

Mwisho ni kozi. AST 1 ya Kanada, kozi ya awali ya usalama wa maporomoko, ni ya siku 2, na ipo inayofundishwa kwa wa pikipiki, yenye maegesho, kugeuza na kuokoa katikati ya mashine. Ile ya skii inafundisha theluji ileile, ila mwendo wake si wao na vijana wataidharau. Kabla ya kulipa mwulize mwalimu: siku ya mlimani tunakuja na mashine zetu, na wewe unaendesha nini?