Ukirekodi gemu ya roketi, mwonyeshe mtazamaji ulivyoamua

Karibu kila anayeniandikia kuhusu video zangu za Kerbal Space Program huuliza natumia kompyuta gani. Huwa najibu, ila swali lenye faida zaidi ni hili: unajuaje cha kuonyesha na cha kukata? Gemu hii, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2011 chini ya kampuni ya Squad ya jijini Mexico, inakupa vipande vya roketi kisha inakuachia ushindane na fizikia. Muda mwingi ni wa kusubiri. Chombo kinaelea, saa inahesabu, hakuna linalotokea. Mtu hakai kutazama hayo. Anakaa pale anapoona uamuzi unafanyika na anaelewa kwa nini umefanyika.

Chukua video yangu ya Uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, huko Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota, nayo ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ya NASA, na roketi aina ya Scout, yenye hatua nne, yaani sehemu zinazowaka kwa zamu, zote za fueli mango, ile ngumu isiyo ya majimaji. Nikataka kuijenga ya kufanana nayo ndani ya gemu.

Injini ya fueli mango ukishaiwasha huwezi kuipunguza wala kuizima, na kwenye gemu ni hivyo hivyo. Nguvu yake unaipanga ukiwa bado karakana, pale ndani ya gemu unapoiunga roketi. Kwa hiyo video haikuanza na moshi na kelele, ilianza karakana: nabonyeza injini ya chini kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kijidirisha kinafunguka, nashusha kipimo cha nguvu taratibu huku naeleza kwamba roketi ikikimbia mno chini, penye hewa nzito, mafuta yanaishia kupigana na hewa badala ya kuipandisha. Mtazamaji akishajua hilo, urushaji wenyewe una maana kwake. Anasubiri kuona kama nimepatia.

Halafu tukaenda kwenye pedi ya kurushia. Chini ya skrini kuna tufe linaloonyesha roketi inaelekea wapi, na juu yake kuna namba ya kasi. Roketi imesimama tuli, namba inasoma sifuri. Ukiibonyeza ili ipime kasi ya mzunguko badala ya kasi ya juu ya ardhi, inaruka hadi mita 175 kwa sekunde, na roketi haijatikisika hata kidogo! Ni Kerbin, sayari ya ndani ya gemu, inayojizungusha, na kituo cha kurushia kiko kwenye ikweta, mahali penye kasi kubwa kuliko pote. Ukielekeza roketi mashariki, unaondoka na kasi hiyo bila kuilipia mafuta. Kwenye Dunia yetu kasi hiyo kwenye ikweta ni kama mita 465 kwa sekunde. Ongeza kwamba kutoka karibu na ikweta unaiweka setilaiti kwenye mzunguko wa kuifuata ikweta bila kuchoma mafuta mengi kugeuza njia, na unaelewa kwa nini watu walitoka Italia kuja kusimamisha jukwaa Malindi. Maoni mengi chini ya video ile yanazungumzia hiyo 175. Moto wa kurukia ni wachache waliouzungumzia.

Ndiyo maana nashauri usiwe mwepesi kuficha vipimo. Kitufe cha F2 kinaondoa maandishi yote na skrini inapendeza sana, lakini ukiruka safari nzima hivyo umemnyima mtu kimo, kasi na mafuta yaliyobaki, yaani vitu vyote unavyotumia wewe kuamua. Mimi naitumia F2 kwa vipindi vifupi: hatua inapoachana na roketi, au jua linapochomoza kwenye ukingo wa sayari. Kabla ya tukio kubwa hifadhi kwa F5, kisha ushikilie F9 kurudi na kulipiga upya kutoka pembe nyingine. Mwambie mtazamaji kwamba hayo ni marudio. Uaminifu huo una uzito, hasa kwa watoto wa shule wanaojifunza fizikia kwenye video zako.

Milipuko usiifute. Baada ya ajali bonyeza F3, gemu italeta orodha ya matukio ikionyesha kipande gani kilianza kuvunjika na sekunde ya ngapi. Isome kwa sauti, rudi karakana, badilisha kitu kimoja, ruka tena. Video yenye mlipuko uliofafanuliwa inafundisha kuliko safari tatu zilizonyooka.

Sasa mitambo. OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa faili la aina ya MKV, si MP4 ya kawaida: umeme ukikatika katikati, faili la MP4 mara nyingi halifunguki tena, ila la MKV linabaki na kila kilichorekodiwa hadi sekunde ile. Baadaye OBS yenyewe inaligeuza kuwa MP4 kwa muda mfupi. Kwa sisi tunaoishi na umeme wa kukatikakatika, mpangilio huu ni wa kwanza kabla ya mwingine wowote.

Gemu hii inaitegemea sana prosesa, maana inakokotoa kila kiungo cha roketi. Ukiipa prosesa hiyo hiyo kazi ya kubana video, zote mbili zinaelemewa. Mpe kazi hiyo kibanaji cha kadi ya picha, unachokichagua kwenye mipangilio ya OBS: kama una kadi ya Nvidia chagua NVENC, kama ni Intel jaribu Quick Sync. Angalia saa ya safari juu kushoto: ikiwa kijani mambo ni shwari, ikigeuka njano au nyekundu gemu inaenda polepole kuliko muda halisi. Punguza vipande vya roketi.

Ubora upange kwa bando lako. YouTube inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080p ya fremu 30, ambayo kwa dakika kumi ni kama megabaiti 600. Kwa 720p ni megabiti 5, kama megabaiti 375. Mimi nachagua 720p bila wasiwasi, mradi namba zinasomeka. Yakuze maandishi kwenye mipangilio ya gemu kwanza. Giza ndilo linaloharibika zaidi video ikibanwa, anga jeusi linageuka mabaka. Rusha mchana, weka ukingo wa sayari kwenye picha, na washa taa za chombo kwa kitufe cha U.

Sauti yako iwe kwenye njia yake, ya gemu kwenye nyingine, ili uweze kushusha ngurumo bila kujishusha wewe. Zima feni. Na uzungumze wakati unaamua, si baada ya siku mbili ukiwa umeshasahau ulichokuwa unawaza.

Ukimaliza kupandisha, weka kwenye maelezo kiungo cha faili la roketi yenyewe. Liko kwenye folda ya Ships, ndani ya folda ya mchezo uliouhifadhi. Andika toleo la gemu ulilotumia na modi zote (nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji) ulizoongeza, kwa sababu roketi yenye kipande cha modi haifunguki kwa mtu asiye na modi hiyo.