Bango la kijani, tovuti ya bluu

Dada, umesema bango lako pale Kabwe ni la kijani na lina picha ya gunia la mchele wa Kyela, ila mteja akifungua tovuti anakuta bluu na jina limefupishwa, ndiyo maana wanapiga simu kuuliza kama ni kampuni ileile. Wana haki. Aliyewahi kuuziwa mchele mchanganyiko akaambiwa ni wa Kyela hashtuki bure.

Jina liandike kama lilivyo kwenye cheti cha Brela (wakala wa usajili wa biashara), kila mahali. Rangi ndiyo yenye kazi. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa samawati, majenta (waridi iliyokoza), njano na mweusi. Kwa hiyo kijani kinachong'aa kwenye simu hutoka kimepooza kwenye bango. Usimwambie fundi "kijani cha mgomba" (mimi nilisema hivyo, nikaletewa kijani cha sare ya shule). Mpe namba mbili za kijani chako: ya wino kwa bango na ya skrini kwa tovuti.

Tangazo la mtandaoni likitaja mfuko wa kilo 25, kiungo kimfikishe mteja kwenye ukurasa wa mfuko huohuo, si ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Anza na tovuti. Bango kulichapa upya ni gharama.