Usiku Mmoja wa 1962, Desemba Yetu ya 2007

Swali lenu la juma hili lilikuwa: filamu ipi ya vichekesho vya ujana inasema ukweli kuhusu kukua haraka, na kwa nini? Yangu ni American Graffiti ya George Lucas, iliyotoka mwaka 1973. Najua wengi wetu hapa Nakuru tumelelewa na filamu za kibandani, zile ambazo dijei anazisimulia kwa Kiswahili juu ya milio ya bunduki. Hii haina ngumi za kutosha. Nivumilieni.

Yote yanatokea usiku mmoja, kiangazi cha 1962 kikiisha, mjini Modesto, California, alikokulia Lucas mwenyewe. Vijana wamemaliza shule. Curt na Steve wanatarajiwa kupanda ndege asubuhi kwenda chuo cha mbali. Basi usiku kucha ni kuzungusha magari barabara zilezile, kutupiana maneno dirishani na kutafuta wasichana, huku redio zote zikiwa kwa mtangazaji mmoja, Wolfman Jack. Mchezo huo tunaujua, ila magari hayakuwa yetu. Tulikuwa tunaacha matatu mbili tatu zijae na kuondoka, tukingoja manyanga moja, matatu yenye urembo na muziki mkubwa, ya kwenda London (mtaa wetu huo, si jiji la Uingereza). Sheria za matatu za 2004, za waziri Michuki, zilikuwa zimefuta michoro na kuleta mstari wa manjano, lakini spika zilishaanza kurudi chini ya viti.

Ucheshi wake ni wa kijinga kwa namna ninayoipenda. Terry, kijana wa miwani anayeitwa Chura, anaingia kwenye filamu akiwa juu ya skuta iliyomshinda kusimamisha. Anaachiwa gari la Steve na papo hapo anajiona mkubwa. Akitaka pombe, umri haumruhusu kununua, kwa hiyo anabembeleza watu wazima nje ya duka. Yule anayekuja kumsaidia anatoka mbio akiwa amelipora duka lenyewe, anamrushia chupa na kutoweka. Curt naye analazimishwa na genge la mtaani kufunga mnyororo kwenye gari la polisi. Polisi wanapofyatuka kukimbiza mtu, magurudumu ya nyuma yanabaki pale pale. Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi na bado inanivunja mbavu.

Halafu kunapambazuka. Curt aliyekuwa akisitasita ndiye anayepanda ndege, na Steve aliyekuwa na haraka ndiye anayebaki. Zinatokea picha za wavulana wanne na maneno machache chini ya kila moja. John Milner, mwenye gari la mbio kuliko wote, aliuawa na dereva mlevi Desemba 1964. Terry alipotea vitani Vietnam Desemba 1965. Steve anauza bima Modesto. Curt ni mwandishi, anaishi Kanada. Filamu imekwisha.

Hapo ndipo ilipo sababu yangu. Filamu nyingi za aina hii humpa kijana funzo na machozi kabla ya mwisho, ili tuone kwamba amekomaa. Hapa hakuna anayekomaa. Wanabaki wapumbavu wetu wapendwa hadi dakika ya mwisho, na makuzi yote yanapita katika nafasi iliyopo kati ya ndege na yale maandishi. Waliokaa kwenye sinema mwaka 1973 walikuwa tayari wanajua kilichofuata 1962: Kennedy kupigwa risasi mwaka uliofuata, kisha ile vita iliyomeza vijana wa rika hilo. Waliokuwa hawajui ni wale wa kwenye kioo tu.

Tulimaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, Novemba 2007. Nina picha ya Desemba ile, watano tumeegemea matatu stendi. Mwenzetu mmoja alikuwa amepata kazi ya skwodi, yaani kushika nafasi ya makanga kwa muda, akingoja matokeo, na kwenye picha ameshika noti zake kama makanga wa miaka mingi, zimekunjwa kwa urefu na kupachikwa katikati ya vidole. Ni noti za hamsini hamsini, lakini uso wake ni wa mwenye benki. Tunacheka kitu ambacho sikikumbuki. Uchaguzi ulikuwa tarehe 27. Mwisho wa Januari ghasia za baada ya uchaguzi zikafika Nakuru, mji ukawaka, kafyu ikawekwa, na uwanja wa maonyesho ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Rafiki yangu mmoja alipakiwa kwenye lori na familia yake kwenda Kakamega, kwa kina babu ambao alikuwa akiwaona Krismasi tu. Mwingine alisoma matokeo yake kwa SMS akiwa ndani ya hema.

Nina ugomvi mmoja na Lucas. Maandishi yale ya mwisho ni ya wavulana peke yao. Laurie mpenzi wa Steve, Debbie aliyezunguka na Terry, na Carol, yule mtoto mtundu aliyemsumbua Milner usiku mzima, hawakupewa hata mstari. Hilo simsamehei. Kwenye picha yetu wasichana ni watatu, na ningeanza na sisi: wa Kakamega alilea wadogo zake wanne na sasa ana duka la M-Pesa, wa kwenye hema ni muuguzi, mimi nafundisha darasa la nne. Skwodi wetu anaendesha lori la kwenda Malaba, mpakani na Uganda. Wa tano hatujui aliko, na kila tukikutana tunaulizana.

Mtaniambia hiyo ni filamu ya watoto wa Kimarekani walioshiba. Ni kweli. Mwaka 1962 Nakuru ilikuwa bado mji wa masetla, na baba yangu, rika moja na kina Curt, alikuwa akiosha magari ya watu. Niliwahi kumwekea filamu hii, nikimtazama yeye zaidi ya kioo. Hadithi hakuijali. Alitaja magari moja moja kwa aina, akasifu Chevrolet ile nyeusi, na baada ya nusu saa ya kuzunguka mji akaniuliza swali moja tu: "Na hiyo petroli yote, mama, analipa nani?"