Punda Huyu ni wa Nani?

Swali lenu la wiki hii linauliza kama sheria za kuwalinda farasi na punda waliotelekezwa zinatekelezwa mahali tunapoishi, na kama hazitekelezwi, kikwazo ni nini. Mimi ni mkazi wa Lamu, mji ambao mchanga, saruji na mawe ya matumbawe hupita vichochoroni mgongoni mwa punda, na jibu langu ni kwamba kwetu sheria ipo, ila hukwama kwenye swali la kwanza ambalo askari hana budi kuliuliza: mnyama huyu ni wa nani?

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, yaani Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamtia hatiani anayempiga mnyama kikatili, anayemzidishia mzigo na anayemnyima chakula na maji, pamoja na mwenye mnyama anayemtelekeza. Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo mahali pa kuwahifadhi. Adhabu iliyowekwa kwa ukatili, yaani faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili, ni hafifu mno. Lakini hata ingeongezwa mara kumi, isingemfikia mtu ambaye hakuna wa kuthibitisha kwamba mnyama ni wake.

Punda wengi wa hapa, wakishatuliwa mzigo jioni, huachwa wajitafutie. Huzunguka majalalani wakila maboksi na mifuko ya plastiki (ile ile iliyopigwa marufuku 2017 na bado tunayo), nayo hujikusanya tumboni hadi ikaziba utumbo. Karibu na Mkunguni, uwanja ulio katikati ya mji, nilimkuta punda jike ambaye kwato zake za mbele zilikuwa zimerefuka hata zikapinda, na mgongoni, pale linapokaa shogi, yaani mfuko wa kubebea mizigo, alikuwa na kidonda kibichi cha upana wa kiganja, kimejaa nzi. Wazee waliokuwa wameketi pale walimjua mwenyewe, lakini hakuna aliyekuwa tayari kumtaja jirani yake mbele ya askari, nami siwezi kuwalaumu, kwa kuwa watazikana na kuozeshana baada ya kesi kwisha. Kijana aliyekuwa akimfanyisha kazi, ambaye hulipwa kwa safari, alisema punda si wake, na alisema kweli. Hospitali ya punda iliyopo mjini tangu 1987 huwatibu wanyama kama huyo bila malipo, ila daktari hana mamlaka ya kumzuia mwenye punda asimrudishe kazini kabla kidonda hakijafunga.

Uingereza ililikabili tatizo hilihili kwa farasi waliokuwa wakiachwa kwenye mashamba ya watu. Tangu 2020, katika England, kila farasi na punda sharti awe na chipu ndogo inayoingizwa kwa sindano shingoni, yenye namba inayosomwa kwa kifaa cha mkononi. Sheria ya 2015 humruhusu mwenye shamba kumzuia farasi aliyeachwa humo, mradi awaarifu polisi ndani ya saa 24. Mwenye farasi asipojitokeza katika saa 96, umiliki unamtoka. Wapo wanaokwepa hata huko, lakini mzigo wa kuthibitisha umeondolewa mabegani mwa majirani, na hilo ndilo ninalolitamani kwetu.

Sipendekezi tuanze kwa kuwafunga watu, maana wengi wa wenye punda ni maskini, na mkosaji wa mara ya kwanza angepewa amri ya maandishi ya kumpumzisha na kumtibisha mnyama, akionywa kwamba akiipuuza atanyang'anywa. Kaunti iwaandikishe punda wote bila ada katika mwaka wa kwanza, ijenge zizi lenye maji na kivuli, na iwaanzie punda wa ujenzi, ambao ndio wanaoumia zaidi. Kaunti ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi, kwa hiyo inaweza kuweka sharti katika kila kibali kwamba vifaa vibebwe na punda walioandikishwa tu, na kwamba anayejenga awajibike pamoja na mwenye punda ikiwa mnyama mwenye kidonda atakutwa na shogi mgongoni.