Baridi ya Juni juu ya baiskeli ya umeme

Ndugu, unauliza kwa nini unatetemeka kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, huko Mbeya, alfajiri na sweta umevaa mbili. Sweta haizuii upepo. Halafu mota ikikusukuma, miguu haifanyi kazi ya kukupa joto. Vaa sweta moja, juu yake jaketi la nailoni au koti la mvua, zipu mpaka kidevuni. Usihangaike na dukani, mitumba inatosha.

Shughuli iko mikononi. Glovu za sufu peke yake ni bure, ndani ya dakika chache upepo umeshapenya. Zivae, kisha juu yake pitisha zile za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa. Zikibana, damu haifiki vidoleni na ganzi inazidi. Kabla hujaondoka bana breki mara mbili tatu uone kama vidole vinazifikia vizuri. Fundi viti naye anaweza kukushonea vifuniko vya rekisini (ngozi bandia) vya kwenye mishikio ya usukani. Mimi ndivyo ninavyovipenda.

Betri ilale ndani, maana ikipoa chaji inaisha mapema. Na kwenye kilima punguza nguvu ya mota, ukanyage pedali mwenyewe upate joto.