Re: Siku moja San Juan na rafiki, tuanzie wapi?

Habari ndugu. Umeuliza meli ikifunga San Juan siku moja, wewe na mwenzako mtembee wapi bila kumaliza hela kwa teksi.

Kwanza viza. San Juan ni mji wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, bila viza yao utaishia kuuangalia mji kutoka melini. Pili, uliza gati. Zile za mji mkongwe, unashuka na kutembea. Ile ya Pan American iko ng'ambo, hapo teksi inahusu.

Sisi tulipanda asubuhi hadi ngome ya El Morro, iliyoanza kujengwa 1539. Tunza tiketi, inakuingiza na San Cristóbal, ngome ya pili. Uwanja wa mbele ni majani matupu na upepo, watu wanarusha tiara. Kivuli hakuna, bebeni maji. Na viatu! Njia zimetandikwa mawe ya kibuluu, yakilowa ni sabuni. Mwenzangu alikaa chini bila kupenda.

Mchana kuleni mofongo: ndizi mbichi zilizokaangwa, zikatwangwa kinuni na kitunguu saumu. Kama hamli nguruwe semeni mapema, mara nyingi hutiwa humo. Kisha piragua ya ukwaju, barafu ya kuparuzwa, mkokotenini. Mtaa wa Santurce hatukufika, miguu iligoma.